Nyuzi Nne Kabla ya Saa Nane

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi foleni ilikuwa imeshapita mlango wa kituo na kuzunguka kona, na Mama Kipimo alikuwa anamimina spiriti kwenye kikombe kidogo cha kioo. Akachota maziwa kiasi kilekile, akayachanganya, akatikisa, akakiinua kikombe kwenye mwanga wa mlango. Hayakuganda, maana yake hayajaanza kuchacha. Akatumbukiza na kipimo cha maji, kikaelea panapotakiwa.

"Pita. Anayefuata."

"Wifi, leo umenikazia macho kama mwizi," alisema aliyefuata, akitua mkebe wake kwenye saruji.

"Hapa mezani sina wifi. Lete mkebe."

Watu wakacheka. Waliizoea hiyo. Jina la Mama Kipimo walimpa wao wenyewe, na mama mkwe wake huongeza kwamba hata jikoni kwake chumvi hupimwa mara mbili kabla haijatiwa. Katika miaka yote aliyokuwa mpokeaji wa maziwa pale kituoni, hakuna aliyewahi kumpitishia maziwa yenye maji, hata huyu wifi yake, dada wa mumewe, ambaye aliwahi kujaribu na akarudishwa nyumbani mbele ya watu. Walinuniana mwezi mzima. Kisha wifi akarudi na maziwa safi, na tangu hapo hakuuza tena kwa mchuuzi wa baiskeli.

Lakini leo watu hawakuwa wanatazama kikombe. Walikuwa wananyoosha shingo kutazama nyuma yake, kwenye tangi la kupozea maziwa, ambako panga la kukorogea lilikuwa linazunguka polepole, lenyewe, bila mtu.

"Kumbe limepona kweli!" alisema mzee mmoja.

"Fundi Nati amelitia jino la shaba," alijibu Mama Kipimo, na hakujaribu kuificha furaha yake. "Ingieni mmoja mmoja, msinimwagie."

Inafaa nieleze habari ya hilo panga, maana ndilo lililowatesa watu hawa kwa wiki sita. Tangi lenyewe ni la chuma kisichoshika kutu, lita elfu moja, zuri kuliko nyumba nyingi za pale. Lililetwa na mradi wa wafadhili kwa hotuba na utepe wa kukatwa, na ubavuni lina karatasi ya kung'aa yenye maneno "Zawadi kwa Wafugaji Wadogo". Juu ya mfuniko wake kuna kiboksi chenye mota na gia, na hiyo gia ndiyo inayolizungusha panga. Bila panga, maziwa ya chini hugeuka barafu na ya juu hubaki na joto la ng'ombe. Wiki sita zilizopita gia ile, ya plastiki ngumu, ndogo kuliko kifuniko cha chupa ya chai, ilivunjika meno matatu.

Mama Kipimo akatoa taarifa siku ileile. Afisa wa mradi akajibu, "Tunalifanyia kazi." Wiki iliyofuata akauliza tena, akaambiwa ajaze fomu. Akajaza. Akaambiwa kwamba kipuri lazima kitoke kwa mtengenezaji, ng'ambo, na kwamba kamati ya manunuzi hukaa mara moja kila miezi mitatu, na safari hii ilipokaa akidi haikutimia. Alipouliza mara ya tano akajibiwa kwamba wanalifanyia kazi. Wanawake wa foleni wakaacha kumwita afisa kwa cheo chake. Walimwita Bwana Tunalifanyia Kazi, kwa kirefu hivyohivyo, bila kufupisha.

Kwa wiki zote hizo Mama Kipimo alipanda juu ya kigoda na kukoroga lita mia saba, mia nane za maziwa kwa upawa mrefu, hadi mabega yakawa hayamruhusu kufunga kilemba. Kukoroga kwa mkono si kama kukoroga kwa mashine. Mara mbili dereva wa gari la kiwanda alitumbukiza kipimajoto chake, akasoma nyuzi saba, mara ya pili nyuzi sita, akageuza gari likiwa tupu. Kiwanda kinataka nyuzi nne, na gari hufika saa nane mchana, si zaidi. Ikaja barua. Maziwa yakikataliwa mara ya tatu, gari halitakata kona tena kuja huku.

Hapo ndipo alipoichukua gia iliyovunjika, akaifunga kwenye leso, akaenda kwa Nati.

Karakana ya Nati iko nyuma ya mashine ya kusaga, chini ya mabati manne, na ndani yake kuna mashine ya kukereza chuma iliyozeeka kuliko yeye, mkanda wake umeshonwa kwa mpira wa tairi. Nati aliigeuza gia kwenye kiganja.

"Hii tu?"

"Hiyo tu."

"Hii tu ndiyo inakukorogesha dada yangu kama mpishi wa jeshi?" Akasonya. "Nipe siku mbili."

Shaba aliitoa kwenye bushi ya pampu iliyokufa. Alihesabu meno, akachora, akakereza, akapiga tupa kwa mkono, na jana jioni akaja kuifunga. Panga likazunguka. Mama Kipimo alisimama pale akilitazama, na machozi yakamtoka, jambo alilosema baadaye kuwa ni moshi wa jirani.

Na hapo hapo ndipo alipokosea. Kwenye semina ya mradi walifundishwa kwamba mashine isiyo na kumbukumbu ni mashine iliyokufa, na yeye ni mtu wa kushika alichofundishwa. Akaandika kwenye daftari la kituo siku, saa, kazi iliyofanyika, jina la fundi, hata namba ya lakiri aliyoikata ili kufungua kiboksi. Mpaka hapo hakuna tatizo, daftari halisomwi na mtu. Kisha akapiga picha ya gia ya shaba kiganjani mwa Nati, akaituma kwenye kundi la simu la mradi na maneno haya: "Habari njema. Mashine imepona. Fundi wetu wa hapahapa ameweza." Alidhani watafurahi. Mtu mzima, mwenye akili zake timamu, alidhani ofisi itafurahi kusikia kwamba tatizo limekwisha bila ofisi.

Saa mbili alifunga mapokezi. Tangi lilikuwa na lita mia nane na kidogo, maziwa ya jana jioni na ya asubuhi yakiwa pamoja. Saa nne kipimajoto kilisoma nyuzi kumi na tisa. Saa tano, kumi na moja. Mama Kipimo alifagia sakafu, akaosha vyombo, akafagia tena mahali palipokuwa pasafi, na kila baada ya dakika chache akaenda kutazama. Wifi yake hakuondoka. Alikaa kwenye benchi la nje na wanawake wengine watatu, wakingoja gari kana kwamba ni la harusi.

Saa tano na nusu gari lilikuja. Lilikuwa jeupe, safi, na halikuwa la kiwanda.

"Bwana Tunalifanyia Kazi huyo," alisema wifi. "Amekuja kupongeza."

Afisa alishuka na jalada kwapani. Ni mtu wa makamo, mpole, wa kusalimia kila mtu, na hilo ndilo linalofanya iwe vigumu kumchukia kwa raha.

"Shikamoo, mama yangu."

"Marahaba, baba. Karibu, karibu uone mwenyewe." Mama Kipimo alimshika mkono kabisa, akamfikisha kwenye tangi. "Tazama hapa. Nyuzi tisa, na zinashuka. Saa saba tutakuwa kwenye nne."

Afisa hakutazama kipimajoto. Alitazama juu, kwenye kiboksi.

"Lakiri iko wapi?"

"Lakiri gani?"

"Ile ya plastiki, ya bluu. Yenye namba."

"Ah, hiyo! Iko mezani kwangu, kwenye bahasha. Sikuitupa. Na namba yake nimeiandika."

"Mama yangu, uliikata."

"Gia ilikuwa ndani, baba. Ningeitoaje bila kufungua?"

Afisa akapumua kwa pua. Akauliza fundi yuko wapi, na mmoja wa wanawake akatumwa kumwita. Nati alikuja akiwa na grisi viganja vyote, akatoa kifundo cha mkono ili asimchafue mgeni.

"Ni wewe uliyeitengeneza?"

"Ni mimi."

"Ina cheti?"

"Ina meno kumi na manane, mazima yote. Ile yenu ilikuja na cheti, ikabaki na kumi na matano."

Nje watu walicheka. Afisa naye alitabasamu kidogo, akarudi kwenye jalada lake. "Na ni chuma kinachoruhusiwa kwenye chakula?"

"Mkubwa, gia iko kwenye kiboksi chake, juu ya mfuniko. Maziwa haiyajui hata kwa jina."

"Sibishani na ufundi wako," alisema afisa, na alionekana kusema kweli. "Kazi ni nzuri. Hata kwenye picha niliona kazi ni nzuri. Tatizo ni dhamana. Mkataba unasema mashine ikiguswa na mtu asiyeidhinishwa, mtengenezaji hahusiki nayo tena."

"Sasa hizi wiki sita amehusika vipi?" aliuliza Mama Kipimo.

Afisa alifungua mdomo, na benchi zima la nje likamjibia kwa pamoja, "Tunalifanyia kazi!" Safari hii hakuna aliyecheka sana.

Akawavuta Mama Kipimo na Nati pembeni, karibu na sinki, akateremsha sauti.

"Naomba mnielewe. Oda imepita jana. Jana! Baada ya kusukumana wiki sita. Kiboksi kizima kinakuja, kipya, na mtaalamu wa kukifunga ameshakatiwa tiketi ya ndege. Mwezi ujao yuko hapa. Akikuta mashine inafanya kazi, mimi nitaandika amekuja kufanya nini?"

"Andika amekuja kunywa maziwa baridi," alisema Nati.

"Wewe unafanya mzaha. Mwenzangu aliyekuwa na kituo cha bondeni aliachia jambo kama hili, wakaguzi wakaja, leo yuko nyumbani anafuga kuku. Na mimi nina watoto." Akamgeukia Mama Kipimo. "Ile gia itoke, mashine ifungwe, ingojee mtaalamu. Usingetuma ile picha mama yangu, mimi nisingejua. Lakini umeituma kwenye kundi, na wakubwa wangu wote wamo."

Mama Kipimo aliegemea sinki. Alikuwa na hasira, na kubwa zaidi alikuwa na hasira na kidole chake mwenyewe kilichobonyeza ile simu.

"Sawa," alisema. "Itoke. Lakini nipe saa moja."

"Mama yangu..."

"Saa moja tu. Tazama, nyuzi nane sasa hivi. Saa saba tuko nne. Ukizima hapo maziwa yatakaa kwenye baridi yake mpaka gari lifike. Gari likishapakia, fungeni mashine, fungeni na mimi mwenyewe kwa minyororo. Lakini leo wakikataa ndiyo mara ya tatu. Baba, unaijua ile barua. Nilikuletea nakala."

"Naijua."

"Basi?"

Afisa alitazama saa yake. Alikuwa anaona aibu, ilionekana shingoni kwake. "Saa saba natakiwa mjini, tuna semina. Halafu picha za simu huandika saa. Nikipiga picha ya mashine saa saba, wataniuliza nilifika saa tano na nusu, muda wote huo nilikuwa nafanya nini."

"Ulikuwa unangoja maziwa ya watu yapoe."

"Kwenye fomu hakuna mahali pa kuandika hivyo."

Afisa akamwomba Nati aitoe gia. Nati akakunja mikono kifuani.

"Niitoe kwa mkono wangu mwenyewe? Hapana mkubwa. Mwite huyo wa ndege."

Basi afisa akaenda garini, akarudi na bisibisi, akavua koti, akapanda kwenye kigoda kilekile cha Mama Kipimo, akazima mashine, akaanza. Bisibisi ilikuwa ndogo. Iliteleza, ikachubua kichwa cha skrubu. Akakaza mkono, ikateleza tena, ikalia. Nati aligeuza uso ukutani. Iliteleza mara ya tatu, na kikatoka kipande cha chuma kinachong'aa.

"Shuka!" Nati alipiga kelele. "Shuka hapo! Utaua kichwa cha skrubu, kesho itafunguliwa na nini? Kwani skrubu nayo imekukosea nini?"

Akamshusha kwa kumshika kiunoni kama mtu anayeshusha mzigo, akapanda mwenyewe, akatoa spana zake mfukoni, na katika dakika tano kazi aliyoapa kutoifanya ikawa imekwisha, kwa usafi, hakuna hata skrubu moja iliyoanguka. Hivyo ndivyo walivyo mafundi wa namna yake. Ukitaka wakutendee ubaya, waoneshe kazi inafanywa vibaya. Alipogundua alichokifanya alikaa juu ya kigoda, gia mkononi, akiwa amefura.

Afisa akaiweka gia kwenye mfuko wa plastiki, akaandika juu yake "Kielelezo". Akapitisha lakiri mpya kwenye mfuniko wa mbele wa kiboksi, akabandika utepe mwekundu kwenye swichi, akapiga picha nne. Kisha akampa Mama Kipimo fomu. Kulikuwa na swali, "Chanzo cha tatizo", na visanduku vya kutia alama. Elimu ndogo ya watumiaji. Usafi duni. Mila na desturi. Umbali. Afisa alikuwa ameshatia alama kwenye cha kwanza.

"Elimu ndogo ya nani?" aliuliza Mama Kipimo.

"Ni utaratibu tu. Tena itawasaidia. Alama ikiwa hapo, mnaingizwa kwenye mafunzo."

"Mafunzo ya nini?"

"Utunzaji wa mashine."

Alitaka kuichana. Lakini asiyetia sahihi hunyang'anywa ufunguo wa kituo, na ufunguo ukienda kwa mtu mwingine, kesho maziwa yenye maji yataingia pamoja na yasiyo na maji, na yeye hangeweza kulala kwa hilo. Akatia sahihi. Kwenye jalada la afisa, karatasi ya juu ilikuwa ratiba ya semina, na mada ya saa saba iliandikwa kwa herufi nene: "Kwa Nini Mzalishaji Mdogo Haendelei?" Mama Kipimo aliisoma mara mbili. Gari jeupe likaondoka taratibu ili lisiwatimulie watu vumbi.

Nyuzi nane zikabaki nane, kisha zikaanza kupanda. Wifi yake alifunua mfuniko, akachukua ule upawa mrefu, akaanza kukoroga kwa nguvu.

"Acha, wifi," alisema Mama Kipimo. "Mashine imezimwa. Hapo unayatembeza tu."

"Nayatembeza, ndiyo. Nikikaa bure nitamtukana mtu."

Wakakoroga kwa zamu, wanawake watano, hadi saa nane kasoro dakika kumi, gari la kiwanda lilipoingia. Dereva wake ni mtu wa miraba minne asiyependa maneno. Alitumbukiza kipimajoto, akangoja, akasoma. Akakifuta kwa kitambaa, akatumbukiza tena upande wa pili wa tangi, akangoja zaidi ya inavyopasa. Nyuzi tisa.

"Mama Kipimo, jana ulinipigia simu ukasema imepona."

"Ilipona."

Akamwonesha ule utepe mwekundu, na kwa maneno machache akamsimulia. Dereva alisikiliza akiwa amekodolea macho swichi. Kisha akatoa kitabu chake, akaandika karatasi ya kukataa, akaichana, akampa nakala. Hakuweza kufanya vingine. Kiwandani nako wanapima.

Ikaja kazi mbaya kuliko zote, kuwarudishia watu maziwa yao. Simu zilipigwa, watoto wakatumwa, na kuanzia saa tisa foleni ikajipanga tena, ile ile ya asubuhi, mikebe ile ile, ila mitupu. Mama Kipimo alimpimia kila mmoja kiasi alicholeta, hadi tone la mwisho, akiangalia mistari ya kipimo kwa jicho moja. Hakuna aliyemtukana. Angependa wamtukane. Nje ya lango mchuuzi wa baiskeli alikuwa ameshafika na madumu yake, sijui nani alimwambia, na aliwangojea akiwa ameketi juu ya kiti cha baiskeli yake, mwenye subira yote za mtu anayejua kwamba bei ataitaja yeye.

Wifi alikuwa wa mwisho.

"Uliniambia huyu mchuuzi ananiibia," alisema, akiutazama mkebe unavyojaa. "Ukaniambia hapa kuna mashine, kuna mkataba, kuna watu wasomi. Nikakusikiliza, kwa sababu wewe hudanganyi."

"Wifi..."

"Mchuuzi anatia maji, ni kweli. Lakini hatii lakiri." Akajitwisha mkebe. "Maziwa ya jioni sileti. Usinisubiri."

Aliondoka bila kuaga, na hilo lilimuuma Mama Kipimo kuliko karatasi ya kukataa. Alikaa kwenye benchi tupu. Aliwaza ile semina, wapo wamekaa kwenye viti vya mito sasa hivi, wanaulizana kwa nini mzalishaji mdogo haendelei, na gia ya Nati ipo mezani ndani ya mfuko wa plastiki. Alicheka peke yake, kicheko kibaya.

Ndipo akagundua kwamba gari la kiwanda bado lipo. Dereva alikuwa amesimama kando ya tairi la mbele, akijifanya anakagua nati za gurudumu. Alipoona watu wamekwisha, akasogea.

"Ile karatasi yangu," alisema bila kumtazama, "huwa naipeleka ofisini siku hiyohiyo. Lakini leo nimechelewa. Kesho nitapita hapa kwanza. Nikikuta nyuzi nne, basi hii ya leo itakuwa imenipotea. Mimi huwa napoteza karatasi."

"Na wakikuuliza jana ulikuwa wapi?"

"Nitasema barabara ilikuwa mbovu, sikufika. Barabara haijawahi kukana." Akapanda gari. "Nikikuta tano, Mama Kipimo, sitaweza kitu."

Saa kumi na moja jioni Nati alikuja na mfuko wake wa spana. Hakusalimia. Aliingia moja kwa moja hadi kwenye tangi, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa, akakifungua. Ilikuwa gia ya shaba, meno kumi na manane.

Mama Kipimo aliitazama kama aliyeona mtu aliyekwishazikwa.

"Si ameichukua?"

"Amechukua moja. Gia hukerezwa mbili, dada. Ya kwanza mkono unajifunza, ya pili mkono unajua. Aliyochukua ni ya kwanza, nilikufungia jana kwa haraka; hii nimeimaliza leo." Akagonga kiboksi kwa kidole. "Na lakiri yake ameitia mfuniko wa mbele. Kuna mfuniko wa nyuma, skrubu nne. Hana habari nao. Amefunga mlango, dirisha hajaliona."

Miaka yote hiyo Mama Kipimo aliwafundisha wenzake jambo moja tu: kilichopo ndicho kinachoandikwa. Aliwarudisha watu na maziwa yao kwa ajili ya hilo. Alinuniwa na ndugu kwa ajili ya hilo. Na leo, kati ya watu wote waliompitia, waliompa njia ya kuyapoza maziwa walikuwa dereva mwongo na fundi anayeingilia dirishani.

Nje mwanamke mmoja alikuwa amefika na maziwa ya jioni, nyuma yake mzee wa asubuhi, nyuma yake wengine watatu. Watano tu. Jana jioni walikuwa arobaini. Walisimama na mikebe yao bila kuuliza kitu, wakimtazama yeye.

"Fungua nyuma," alimwambia Nati.

Utepe mwekundu wa kwenye swichi aliushughulikia mwenyewe. Alipasha kijiko kwenye jiko la chai, akakipitisha chini ya utepe polepole, kama anavyobandua lebo kwenye chupa anazotaka kuzitumia tena, hadi upande mmoja ukaachia bila kuchanika. Akabonyeza. Tangi likanguruma. Juu, panga likasita, likatikisika, likaanza kuzunguka.

"Leteni mikebe," alisema. "Mmoja mmoja."

Aliwapimia wote watano kwa spiriti, mmoja baada ya mwingine, na maziwa ya mzee aliyatikisa mara mbili kwa sababu hayakumpendeza rangi. Walipoondoka, akaketi mezani, akavuta daftari la kituo. Kila ukurasa ulikuwa na mwandiko wake, umenyooka, hakuna neno lililokatwa. Akaandika tarehe. Akashika kalamu muda mrefu, Nati akikusanya spana zake bila kumharakisha.

Kisha akaandika: "Jioni. Mashine imefungwa kwa agizo la mradi. Haifanyi kazi. Maziwa hayakupokelewa."

Mwandiko ulikuwa mzuri kama siku zote. Nyuma yake kipimajoto kilisoma nyuzi kumi na nne, kisha kumi na tatu. Hiyo hakuiandika.